Umeumizwa wewe, lakini kesi ni ya Jamhuri: njia ya mwathiriwa nchini Kenya, tangu OB hadi fidia

Nilijua kesi yangu imekufa siku niliyomkuta mshtakiwa kwenye meza ya mahamri, Changamwe, Mombasa, anangoja kumiminiwa chai. Nikadhani katoroka. Akanitazama, akaniambia kwa upole kabisa: "Kaka, mambo ya kotini yaliisha kitambo." Na kweli yalikuwa yameisha. Kesi ilikuwa imeitwa mara tatu bila mimi kuwepo. Simu ya kuniita ilipigwa kwa laini niliyokuwa nimeitupa. Hakimu akatumia kifungu cha 202 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai: mlalamishi akijulishwa tarehe na asifike, wala hakuna sababu nzuri ya kuahirisha, mshtakiwa anaachiliwa. Kovu la chupa aliyonipiga nayo Novemba 2020 bado linaniwasha jua likiwa kali.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwasindikiza watu stesheni na kotini, majirani kwanza, kisha watu wa majirani. Mimi si wakili. Ninachokijua ni makosa niliyoyafanya mwenyewe na niliyoyaona yakirudiwa, na kosa mama ni moja. Mtu akishapiga ripoti hudhani ana kesi. Soma jalada la kesi yoyote ya jinai: limeandikwa "Jamhuri dhidi ya fulani". Jina lako halimo. Polisi wanachunguza, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma (DPP) anaamua kama mtu atashtakiwa, na wewe uliyepasuliwa kichwa ni shahidi. Una haki zako ndani ya kesi hiyo ya Jamhuri, na una milango mingine nje yake, ila hakuna atakayekufungulia usipobisha na karatasi mkononi.

Hatua ya 1: Hospitali kabla ya stesheni

Kama unavuja damu, usianze kutafuta polisi. Nenda ukatibiwe. Mwambie daktari au klinikoofisa umepigwa na nini, lini, na nani kama unamjua, kisha hakikisha ameandika. Karatasi hiyo ya matibabu ya siku ya kwanza ina nguvu kuliko hadithi utakayoisimulia mwaka mmoja baadaye, kwa sababu iliandikwa kabla hujapata nafasi ya kutunga chochote. Piga picha majeraha. Weka risiti zote, hata ya panadol.

Kwa aliyebakwa au kunajisiwa, saa zinahesabika. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Usioge na usifue. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi au zifungwe kwa gazeti, maana kwenye nailoni zinafanya unyevu na ushahidi unaoza. Hospitali itajaza fomu ya PRC, ya huduma kwa aliyebakwa, ambayo ni tofauti na P3, fomu ya polisi ya majeraha nitakayoieleza Hatua ya 4. Ulizia nakala yako. Huna haja ya nambari ya OB, yaani ya ripoti ya polisi, ili utibiwe, na ukiambiwa vinginevyo mlangoni, omba kumwona msimamizi wa zamu. Laini ya 1195 inapokea masuala ya ukatili wa kijinsia bila malipo, na 116 ni ya watoto.

Hatua ya 2: OB

Stesheni, ripoti yako inaingizwa kwenye kitabu cha matukio, OB, nawe unapewa nambari. Inasomeka hivi: 27/14/11/2020, yaani ripoti ya 27 ya tarehe 14 Novemba. Usitoke bila hiyo nambari. Andika pembeni jina la afisa aliyekuhudumia na saa uliyofika. Kupiga ripoti hakulipiwi.

Kama umeibiwa simu, nenda na IMEI, nambari ya utambulisho wa simu yenyewe. Ipo kwenye boksi la simu, au unaipata kwa kubonyeza *#06# ukiwa nayo bado, kwa hiyo ibonyeze leo uiandike mahali. Ripoti ya "simu nyeusi imeibiwa Kongowea" haimsaidii mpelelezi kwa lolote.

Hatua ya 3: Stetimenti

Hii ndiyo hati utakayoulizwa nayo maswali na wakili wa mshtakiwa, mstari kwa mstari, na wakati huo wewe umeshasahau. Kwa hiyo usiiandikishe kwa haraka. Kama umechanganyikiwa au dawa zimekulevya, omba urudi kesho. Sema kwa Kiswahili kama ndicho unachokimudu. Mara nyingi afisa ataandika kwa Kiingereza, basi akusomee kwa Kiswahili kabla hujatia sahihi. Kosa likiwemo, lifutwe kwa mstari mmoja, uandike jina lako kwa ufupi pembeni.

Taja mwanga. Nasema hivi kwa sababu kesi nyingi za usiku huangukia hapo: ulimtambuaje? Taa ya duka ilikuwa inawaka? Mlikuwa umbali gani? Ulikuwa unamjua tangu zamani, na kwa jina gani? Kama unamjua, taja jina hilo siku ya kwanza. Mama mmoja niliyemsindikiza alisema "vijana wawili" kwenye stetimenti, kisha kotini akataja majina. Wakili akamuuliza majina hayo aliyapata wapi katikati. Hakuwa na jibu, ingawa alikuwa anasema kweli: siku ile aliogopa tu.

Na acha nambari mbili za simu, yako na ya ndugu asiyebadilisha laini.

Hatua ya 4: P3

P3 ni fomu ya polisi inayojazwa na daktari kueleza jeraha. Fomu yenyewe hailipiwi. Polisi wanajaza sehemu yao, unaipeleka hospitali pamoja na karatasi za matibabu ya kwanza, daktari anakukagua na kujaza sehemu yake, kisha inarudi stesheni.

Yangu haikurudi. Niliikunja mara nne, nikaitia mfuko wa shati, na shati likaingia kwenye beseni. Nilipoifunua ilikuwa imekuwa uji wa buluu, mhuri wa hospitali umesambaa kama wino wa pweza. Ilinibidi kuanza upya, wiki tatu baadaye, nyuzi zimeshatolewa, na daktari mwingine akaandika alichokiona yeye. Piga picha P3 pande zote mara tu ikishajazwa, kisha uipeleke siku hiyo hiyo.

Mahali pa kutazama kabla hujatoka kwa daktari ni pale anapoandika kiwango cha jeraha. Neno moja hapo linaweza kubadilisha shtaka lote. Shambulio la kawaida, kifungu cha 250 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo chake hakizidi mwaka 1. Likisababisha madhara ya mwili, kifungu cha 251, ni hadi miaka 5. Madhara makubwa, kifungu cha 234, yanaweza kufika kifungo cha maisha. Kama umevunjwa mfupa au jicho limepoteza nuru na fomu inasema "madhara" tu, muulize daktari hapo hapo, kwa adabu, kama ameona picha ya eksirei. Ukishafika kotini umechelewa.

Hatua ya 5: Faili ikilala

Mpe mpelelezi wiki mbili, kisha anza kuuliza. Nenda kwa mkuu wa kituo, OCS, na barua fupi yenye nambari ya OB. Baki na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa. Hakuna jibu, panda kwa kamanda wa kaunti ndogo, au peleka barua ofisi ya DPP iliyo karibu, kwa sababu Katiba, kifungu cha 157, inampa DPP uwezo wa kumwagiza Inspekta Jenerali uchunguzi ufanywe. Barua huandikwa na kupigwa mhuri. Kelele za kaunta hazina mhuri.

Kama aliyekuumiza ni polisi mwenyewe, mlango ni IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Inachunguza hasa vifo na majeraha mabaya yaliyotokana na polisi. Kwa aliyefiwa ipo pia njia ya uchunguzi wa kifo mbele ya hakimu. Ilitumika Kisumu baada ya mtoto wa miezi 6 kufa kufuatia uvamizi wa polisi nyumbani kwao Agosti 2017. Mwaka 2019 hakimu aliwapata makamanda wa polisi kuwa na la kujibu. Njia ni ndefu, na familia ile inajua.

Mashtaka ya binafsi nayo yapo. Unaomba idhini ya hakimu umshtaki mtu wewe mwenyewe. Watu huyapenda wakiyasikia, mimi huwapoza. Mahakama itataka kuona kwamba ulikwenda polisi na kwa DPP kwanza, wakakataa bila sababu ya maana, tena DPP anaweza kuichukua kesi hiyo wakati wowote. Zile barua zenye mhuri ndizo zitakazokuokoa hapo.

Hatua ya 6: Kotini, omba sauti yako

Mshtakiwa akisomewa mashtaka, suala la bondi, yaani dhamana, linakuja papo hapo. Kuachiliwa kwa bondi ni haki yake chini ya Katiba isipokuwa kuna sababu nzito, kwa hiyo usilie kwamba umesalitiwa. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 inasema usalama wako na wa familia yako uzingatiwe katika kuweka masharti. Mwambie kiongozi wa mashtaka mapema, kabla hakimu hajakaa: anakaa mlango wa tatu kutoka kwangu, amenitumia ujumbe huu. Onyesha ujumbe. Hakimu anaweza kumkataza kukukaribia au kuwasiliana na mashahidi. Hatari ikiwa kubwa, kuna Shirika la Ulinzi wa Mashahidi.

Sheria hiyo hiyo inakupa haki ya kuwepo kesi ikisikizwa, kuelezwa mashtaka, kupata mkalimani, kutoa maoni kunapokuwa na makubaliano ya mshtakiwa kukiri kosa dogo, na kutoa maelezo ya jinsi kosa lilivyokuathiri kabla ya hukumu. Na hapa ndipo mabishano makali yalipotokea. Mawakili wa utetezi walisema: mtu mmoja kizimbani, halafu anashambuliwa na washtaki wawili, Jamhuri na wakili wa mwathiriwa? Hoja yenyewe si ya kubeza. Mshtakiwa naye ni mtoto wa mtu, na wengine wamesingiziwa.

Mabishano hayo yalipanda kutoka kesi ya mauaji ya Mahakama Kuu ya Bungoma hadi Mahakama ya Juu, ambayo Septemba 2020, katika kesi ya Waswa, ilishika njia ya kati. Mwathiriwa si mtazamaji tu wa kukaa benchi la nyuma. Anaweza kushiriki, mwenyewe au kupitia wakili. Lakini lazima aombe, jaji apime kama maslahi yake yanaguswa na kama mshtakiwa hataonewa, na kwa vyovyote asigeuke mshtaki wa pili. Kwa lugha ya kotini: hukatazwi kusema, ila huanzi kusema bila ruhusa. Kwa hiyo usingoje siku ya hukumu. Ombi liwasilishwe mapema, na kama huna wakili muulize kiongozi wa mashtaka akusemee. Wakili wa bure unaweza kumpata kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, FIDA Kenya kwa wanawake, au Kituo cha Sheria, ambacho kina ofisi Mombasa pia.

Kila tarehe iandike. Kuna siku ya kesi kutajwa tu na siku ya kusikizwa. Ya pili usiikose hata kwa mazishi bila kutuma taarifa. Mimi ninajua.

Hatua ya 7: Watakapokuja na mkeka wa suluhu

Watakuja. Mjomba wake, imamu au mchungaji, mzee wa mtaa, wakati mwingine afisa mwenyewe. "Hawa ni majirani, yatazungumzwa." Sipingi mazungumzo. Katiba, kifungu cha 159, inazitaka mahakama ziunge mkono usuluhishi pamoja na njia za jadi, na kifungu cha 176 cha mwenendo wa jinai kinaruhusu upatanisho kwa shambulio la kawaida na makosa mengine ya kibinafsi yasiyokuwa makubwa. Kwa jirani aliyekusukuma ukaanguka, shilingi za hospitali na msamaha wa dhati vinaweza kukufaa kuliko kumwona akila ugali wa gereza la Shimo la Tewa.

Tatizo ni mipaka. Mwaka 2013, Mahakama Kuu ya Nairobi ilikubali DPP aondoe shtaka la mauaji kwa sababu familia mbili zilikuwa zimepatana kwa mila na sheria ya Kiislamu, ngamia na mbuzi wakatolewa. Kuna waliopiga makofi: familia ya marehemu ilipata kitu na damu haikulipizwa. Wengine, nami nipo upande wao, waliuliza ngamia walipokewa na nani hasa, na kama mjane alikuwepo kwenye kikao. Baadaye majaji wengine walikataa maombi ya namna hiyo. Na kunajisi mtoto hakupatanishwi barazani, hata chifu atoe mhuri, hata mbuzi wawe kumi. Mtoto hakai kwenye kikao hicho, na fidia yake hailiwi na watu wazima.

Kama umeamua kupatana katika kosa dogo, uliza neno moja kabla ya kutia sahihi: kesi inaondolewa kwa kifungu gani? Kifungu cha 204 ni cha mlalamishi kuondoa malalamiko, na mshtakiwa anaachiliwa huru kabisa. Asipolipa zile elfu ishirini zilizobaki, huna pa kurudi upande wa jinai. Kifungu cha 87(a) ni cha kiongozi wa mashtaka. Kikitumika kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, anaachiliwa ila anaweza kushtakiwa tena. Kwa hiyo pesa zilipwe zote kwanza, kwa M-Pesa, makubaliano yaandikwe na yashuhudiwe, ndipo uende kotini.

Hatua ya 8: Fidia

Jela haikulipii bili. Mshtakiwa akipatikana na hatia, hakimu wa jinai anaweza kuamuru akulipe, chini ya kifungu cha 175 cha mwenendo wa jinai na ile sheria ya 2014: matibabu, mali iliyopotea, jeraha. Mahakimu wengi hawatalikumbuka hilo wasipokumbushwa. Mpe kiongozi wa mashtaka orodha ya hasara na risiti, na taarifa ya M-Pesa ya siku ulizolipa hospitali, kabla ya siku ya adhabu.

Mlango wa pili ni kesi ya madai, na huu hauhitaji mtu awe amefungwa. Kizimbani Jamhuri lazima ithibitishe pasipo shaka ya maana. Katika madai inatosha kwamba maelezo yako yana uzito kuliko yake. Ndiyo maana mtu anaweza kuachiliwa kotini na bado akadaiwa. Na akitiwa hatiani, rufaa zikaisha, kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinasema hatia hiyo haibishaniwi tena, kwa hiyo utabishana kiasi tu. Usitegemee kulipwa mara mbili kwa hasara ile ile.

Mtego ni muda. Dai la kuumizwa lina miaka 3 tangu siku ya tukio, si tangu hukumu ya jinai. Ukiidai serikali, kwa mfano kwa kipigo cha polisi, ni miezi 12 tu. Nimewaona watu waliongoja "kesi ya polisi iishe kwanza", nayo ikaisha mwaka wa nne. Kesi ya madai haingoji ya jinai. Weka tarehe hiyo kwenye simu na kengele yake.

Dai lisilozidi shilingi milioni 1 lipeleke Mahakama ya Madai Madogo. Unasimama mwenyewe, fomu ni fupi, na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60.

Na kama mshtakiwa ameachiliwa kwa njia unayoona si sawa, wewe huwezi kukata rufaa ya jinai. DPP ndiye anayeweza, na muda wake ni siku 14. Barua yako iwe mezani kwake wiki ya kwanza.

Mimi siku hizo 14 zilikuwa zimepita zamani nilipokutana naye kwenye mahamri. Lakini miaka 3 haikuwa imekwisha. Machi 2023 nilipeleka dai langu dogo, karatasi za matibabu ya siku ya kwanza mkononi, picha za kovu, risiti za nyuzi. Hakimu aliniuliza maswali sita, akamuuliza yeye manne. Aliamriwa anilipe shilingi 64,000. Amekuwa akizituma kidogo kidogo, elfu mbili, elfu tatu, na kila nikipata ujumbe wa M-Pesa wenye jina lake nauhifadhi.